Uzi wa Mercy Ogden

Chillicothe, Ohio
11 Januari 1976

Shemeji Elwood,

Salamu nyingi. Huku baridi imetukaba. Bomba la jikoni limeganda na mimi nachota maji kwa jirani kama msichana mdogo. Mama hajambo. Macho ndiyo yamekwisha kabisa. Anatambua tu kuwa ni mchana au usiku. Ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Lile ombi lako limekubaliwa. Nilimweleza kwamba chama chenu cha wakusanyaji wa noti za kale kinaandaa maonyesho pale Burlington kwa ajili ya miaka mia mbili ya uhuru, na kwamba mdogo wake marehemu mume wangu Clayton ndiye aliyepewa kabati la noti za New Jersey. Akauliza, "Elwood yupi? Yule aliyekula pai nzima kwenye harusi yako?" Nikamwambia ndiye huyo huyo. Akasema, "Basi mwambie hii hailiwi."

Noti imo humu, katikati ya kadibodi mbili. Haijapata kutoka mikononi mwa akina Ogden tangu ilipoingia. Mimi ndiye niliyembembeleza mama mpaka akaitoa, kwa hiyo dhamana ni yangu. Itunze, uirudishe kama ulivyoipokea. Habari yake ni ndefu, nitakuandikia nikipata nafasi.

Usiniaibishe, tafadhali. Humjui mama yangu akikasirika.

Shemeji yako,
Rhoda


Mount Holly, New Jersey
19 Januari 1976

Shemeji Rhoda,

Imefika! Nilipoifungua nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta. Na ile pai haikuwa nzima, kipande kimoja alikula Clayton, mwenyewe hayupo kunitetea.

Shilingi kumi na mbili, mwaka 1776. Ukiigeuza dirishani karatasi bado inametameta kwa ule ulanga, madini ya kung'aa waliyoyachanganya ndani, picha ya jani iliyochapwa nyuma inaonyesha mishipa yake yote, na lile onyo kwamba atakayeghushi atauawa linasomeka vizuri kabisa. Nimeshika noti nyingi za makoloni. Hii imenifanya nikae kitini.

Kasoro ni moja tu. Ilikatika katikati kwa kukunjwa, kama noti nyingi za wakati ule, na mtu fulani akaishona. Mungu amrehemu mshonaji huyo, ameshona kama anayefunga gunia la viazi! Nusu moja imelalia nyingine, na sahihi ya tatu ya waliotoa noti imefunikwa. Sisi wakusanyaji roho yetu iko kwenye sahihi. Kama aliyetia ni yule ninayemdhania, watu wa Philadelphia watakuja kwa miguu kuiona, na ile nishani ya chama ambayo imenipita miaka yote haitanipita tena.

Nami nina mikono, shemeji. Sikutengeneza saa za watu maisha yangu yote bure. Niachie mimi. Mkija kuiona tena hamtaijua.

Wako,
Elwood


Chillicothe
21 Januari 1976

Shemeji Elwood,

Sijapata jibu lako, lakini posta itakuwa imekwama kwenye theluji. Nimepata jioni tulivu, nikuandikie ile habari ya noti uiandike kwenye kadi ya kabati lako.

Bibi wa bibi yake mama aliitwa Mercy. Mumewe, Jabez Ogden, aliwauzia wanunuzi wa jeshi ng'ombe wao wa pekee, akalipwa noti hiyo, akamkabidhi mkewe, akaenda vitani. Hakurudi. Noti ikakatika mfukoni mwa aproni. Mercy akachomoa uzi kwenye shati la Jabez lililobaki, akaishona, akaenda Burlington kununua chumvi. Wakati ule chumvi ilikuwa imeadimika, na nyama ya majira ya baridi haikai bila chumvi. Mwenye duka akaiinua juu, watu wote waione. "Mama," akasema, "hizi ni karatasi mbili. Nikuuzie nini kwa matambara?" Duka zima likacheka. Mercy akarudi nyumbani mikono mitupu, wakala bila chumvi mpaka masika.

Hakuifumua wala hakujaribu tena kuitumia. Aliiweka ndani ya Biblia. Ndiyo maana siku ya theluji ya kwanza akina Ogden hula supu isiyotiwa chumvi. Mgeni akiwepo huwekewa kikopo cha chumvi, maana aibu ile si yake. Clayton aliwekewa chumvi mwaka hadi mwaka. Kisha mwaka mmoja mama akakivuta kile kikopo kutoka mbele yake, na kaka yako akatoka nje akidai anatazama gari. Alikuwa analia.

Siku hiyo mama huitoa noti na kupitisha kidole juu ya uzi, kama bibi yake alivyomfundisha: hapa Mercy alikuwa na hasira, hapa alichoka, hapa ndipo fundo. Mimi mwenyewe niliujua uzi ule kabla ya kujua kusoma.

Sasa habari kubwa. Mama anakuja kwenye maonyesho! Mie nitaendesha gari. Anasema noti ile ilichekwa Burlington, basi na isimame Burlington mbele ya watu, na uzi wake ukiwa wazi, na safari hii asicheke mtu. Hajataka kitu kingine tangu Clayton afariki. Mtafutie kiti karibu na kabati.

Shemeji yako,
Rhoda


Mount Holly
2 Februari 1976

Shemeji Rhoda,

Barua yako nimeipata. Noti ni salama. Yale niliyoandika juu ya mshonaji yalikuwa utani tu, usimsomee mama.

Nilitaka kukuuliza: kwa sababu ya unyevu wa mikono, chama huwa tunaweka vioo juu ya noti, na si desturi kuvifungua. Mama Keturah ataridhika kukaa karibu bila kuishika?

Wako,
Elwood


Chillicothe
10 Februari 1976

Shemeji,

Umechelewa, nilikwisha msomea. Unajua barua zote zinazofika hapa namsomea mama, hana gazeti lingine. Lile la gunia la viazi lilimchekesha mpaka akashika mbavu. "Mwambie Mercy alikuwa anashona magunia kweli, ndiyo ilikuwa kazi yake!" Anakupenda zaidi sasa. Anasema watu wa Mount Holly kumbe wanajua kusema.

Kuhusu vioo, sahau. Atashika.

Lakini wewe una nini? Barua ya kwanza kurasa mbili za kelele, ya pili mistari mitano kama taarifa ya polisi. Nilimwambia mama labda unaitamani noti na unaona haya kutaja bei. Kama ndivyo, sema tu. Jibu ni hapana, lakini hatutakuchukia. Mtu haibiwi kwa kutamaniwa.

Rhoda


Mount Holly
8 Machi 1976

Shemeji Rhoda,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Sitaki kuinunua, nakuapia. Uzi upo. Noti ipo.

Nimefikiria sana habari ya safari. Kutoka Ohio mpaka huku ni mwendo mrefu kwa mtu wa umri wa mama. Ukumbi wenyewe una ngazi, watu ni wengi, hewa ni nzito. Pengine ingekuwa vyema apumzike nyumbani, mimi nimtumie picha, wewe umweleze. Mwezi Mei huku mvua haitabiriki. Nasema kwa kumhurumia.

Elwood


Chillicothe
17 Machi 1976

Bwana Elwood Shreve,

Picha. Unataka kumtumia kipofu picha.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta pa kukutetea. Sikupaona. Sasa naelewa. Mama yangu ni mwanamke wa shamba, anavaa kofia ya mwaka arobaini na sita, anaongea kwa sauti na kupapasa vitu. Wewe una waungwana wako wa Philadelphia na nishani yako. Noti yetu unaitaka, wenyewe unatuonea haya. Mmefanana na yule mwenye duka, tofauti ni kwamba yeye alisema usoni.

Mama amekwisha fua ile kofia. Ameniambia nimtafutie vifungo vya koti. Kila jioni ananiuliza siku.

Clayton angekuwa hai angekuja huko kukushika shati. Kama hututaki, irudishe noti tuondoke zetu. Ila sema wazi, uache kujificha nyuma ya ngazi na mvua.

Rhoda


Mount Holly
24 Machi 1976

Shemeji Rhoda,

Niruhusu nikuite hivyo mara hii ya mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Simwonei haya mama yako. Ninajionea haya mimi.

Nilipokuandikia ile barua ya kelele, maji yalikuwa tayari yanachemka jikoni. Niliitia posta nikarudi mezani. Nikaushikia uzi mvuke mpaka ukalegea, nikaukata kwa wembe mahali penye fundo, nikauchomoa kwa kibano, mshono mmoja mmoja, na nilikuwa napiga mbinja. Napiga mbinja, Rhoda! Nikaziosha nusu zote mbili, nikazilaza chini ya kioo. Sahihi ya tatu ikatokea. Si ya yule niliyemdhania. Ni ya mtu aliyetia sahihi maelfu ya noti, kila mkusanyaji anayo ndani ya droo. Nilikasirika, nikalala.

Barua yako ya Mercy ilifika wiki iliyofuata. Nikaisoma nimesimama. Uzi nilikuwa nimeukunja ndani ya kisanduku cha kiberiti ili niutupe, na shukuru Mungu mimi ni mvivu wa kutupa. Nikajaribu kuurudisha kwenye matundu yake. Ulikatika. Nikajaribu tena ukakatika tena. Mwisho nikachukua uzi wangu wa kitani, nikauchemsha kwenye chai uonekane wa kale, nikashona. Kisha nikafumba macho, nikapitisha kidole, nikasema moyoni: mama haoni, hatajua.

Nimeandika sentensi hiyo, nikairudia kuisoma. Nilikusudia kumkalisha kipofu mbele ya watu, nikipe kidole chake ujanja wangu kiupapase. Noti yenyewe inasema anayeghushi atauawa, na mimi nimeghushi juu ya maneno hayo hayo. Na lile la gunia la viazi, Rhoda, nilikuwa mmoja wa wale waliocheka dukani. Miaka mia mbili baadaye na bado nimeingia mule dukani nikacheka.

Ndipo nikataka asije. Nilikuacha udhani ninamdharau, maana hilo lilionekana jepesi kuliko ukweli. Ona nilikofika.

Humu imo noti, kama nilivyoishona. Kwenye kisanduku cha kiberiti kuna vipande vya uzi wa Jabez, vyote. Katika kabati nitaacha mahali pake wazi. Nimejitoa kwenye shindano la nishani.

Sina haki ya kuomba chochote.

Elwood


Chillicothe
5 Aprili 1976

Elwood,

Sijui nikuite nani, kwa hiyo nakuita jina lako.

Barua yako sijamsomea mama. Nilipokaa naye, niliikunja tena. Nikamwambia ni bili ya umeme. Katika maisha yangu sijapata kumdanganya mama, na sasa nimemdanganya kwa ajili yako, na kwa ajili yangu pia, maana ni mimi niliyesema "Elwood ni mtu wa kuaminika, mama, ni ndugu yake Clayton." Noti nimeiweka ndani ya Biblia mahali pake. Napita mbele ya Biblia ile kama mwizi.

Kila jioni bado ananiuliza siku. Jana alisema, "Mbona Elwood haandiki? Nimemkosea?"

Umenigawia aibu yako. Nami nimeichukua nusu kama mjinga.

Rhoda


Chillicothe
19 Aprili 1976

Elwood Shreve,

Hii anaiandika Rhoda lakini maneno ni yangu, na nimemwambia asipunguze.

Jana ilikuwa Pasaka, nikataka Biblia mkononi. Rhoda alikimbia kuliko siku zote kuja kuniambia yeye atanisomea. Mtu wa miaka themanini na nane hajui mengi, lakini anajua mwanawe akikimbia. Nikaifungua mwenyewe. Nikaipata noti, nikapitisha kidole.

Nikamwambia, "Rhoda, nani huyu?"

Akalia, akanisomea yote, na ile bili ya umeme pia.

Sasa sikia, mwanangu. Umeshona vizuri sana. Mishono yote sawa, hakuna palipoteleza. Ndilo kosa lako. Mercy alianza kwa hasira, mishono mikubwa ya kuvuta, katikati akachoka, mwishoni ndipo akakaza kwa sababu alikuwa na watoto wa kulisha. Wewe umeshona mwanzo hadi mwisho kwa woga. Kidole changu kilisikia mtu anayejificha.

Siku nzima sikula. Nilikuchukia, nakuambia kweli. Nilimchukia na Rhoda kidogo. Bibi yangu alinishika kidole hiki hiki akakipitisha pale, na palipokuwa na mkono wake hapapo tena. Hilo hulirudishi. Usijaribu.

Leo asubuhi nimefumua uzi wako wa chai. Nikamwambia Rhoda anitungie sindano. Vile vipande vya uzi wa Jabez ni vifupi, vimechoka, lakini nimevifunga kimoja na kingine, na mimi nimeshona kwa kupapasa. Nimejichoma vidole. Imepinda, nusu moja imelalia nyingine zaidi ya zamani, na Rhoda anasema ile sahihi yako ya tatu haionekani hata kidogo. Vizuri. Mafundo ni mengi kama punje za mchele. Nimeshona kwa hasira mwanzo, katikati nikachoka. Mwishoni nilikuwa namfikiria Clayton.

Itakuja Burlington nami nitakuja nayo. Mahali pake umepaacha wazi, basi usipafunge. Na kadi utaandika hivi, neno kwa neno: Ilishonwa na Mercy Ogden, ikafumuliwa na Elwood Shreve, ikashonwa tena na Keturah Ogden. Herufi kubwa. Ninyi wakusanyaji mnaandika kila mtu aliyeishika noti, nami nataka waandikwe wote.

Kuhusu kusamehe, sijaamua. Mtu haamui akiwa na njaa.

Keturah Ogden

(Shemeji, ni mimi. Alishona mchana kutwa. Hakuniruhusu hata kumshikia karatasi. R.)


Mount Holly
25 Mei 1976

Shemeji Rhoda,

Natumaini mlifika salama na mama hakukutukana njiani.

Kuna jambo sikuweza kusema tulipoagana, kwa hiyo naliandika. Mliporudi garini kutafuta miwani yako, nilikuwa nimeigeuza ile kadi. Kweli. Niliiandika kama alivyoagiza, herufi kubwa, nikaiweka, kisha wakaja wale wazee wa Philadelphia ninaowajua tangu ujana, na mkono wangu wenyewe ukailaza kifudifudi. Hata baada ya yote yale.

Uliona kilichofuata lakini hukujua sababu. Mama alipofika akapapasa mezani, akaipata kadi, akauliza, "Inasema nini? Nisomee, Elwood, mimi sioni." Nikaigeuza. Nikasoma kwa sauti ya kunong'ona. Akasema, "Sijasikia." Ukumbi ulikuwa umeanza kunyamaza. Nikasoma tena. "Sijasikia, mwanangu." Mara ya tatu nilisoma kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, jina langu katikati, na hakuna aliyecheka. Mzee Pennock wa chama chetu alivua kofia. Mama akasema, "Sasa nimesikia," akamshika mkono mtoto mmoja aliyekuwa karibu, akakipitisha kidole chake juu ya uzi. Hapa nilikuwa na hasira, akamwambia. Hapa nilichoka.

Sikuona nilipokuwa natazama, kwa hiyo kama nilikukanyaga mguu, nisamehe.

Lakini hasa nilitaka kukuandikia juu ya ile supu kule hotelini. Nilijua alikwisha waagiza jikoni wasitie chumvi, ingawa ni Mei na theluji hakuna. Mhudumu aliweka kikopo cha chumvi mbele yangu, nami nikasema moyoni, ni haki. Mimi ni mgeni hapa, na ni zaidi ya mgeni. Nikanyoosha mkono nikichukue.

Uliuona mkono wake, Rhoda? Ulitambaa juu ya kitambaa cha meza, ukagonga glasi, ukapita kijiko changu, ukakipata kile kikopo. Nilidhani anataka kunisogezea. Akakivuta mpaka kwake, akakiweka mapajani, akaendelea kula.

Nilitoka nje. Nilikuambia ninakwenda kutazama gari.

Gari sina, shemeji. Nilikuja kwa basi.

Elwood